Mume wa Kuazima

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu kabla ya kupambazuka, yale manyunyu yasiyokulowesha kwa mara moja bali kidogo kidogo, mpaka unafika uendako baridi imeshakaa kwenye mifupa. Msusi alisimama nje ya lango la kliniki, mkoba wenye kadi ameukumbatia juu ya tumbo la miezi saba, akitafuta mume.

Si mume wake. Huyo alijua alipo. Alikuwa kibandani kwake, amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, mikono myeusi kwa grisi, akipiga mluzi. Msusi alikuwa akitafuta mume yeyote.

Kliniki ile ilikuwa na utaratibu wake. Mjamzito aliyekuja na mwenzake alihudumiwa kwanza. Aliyekuja peke yake alikaa benchi la nyuma mpaka wenye waume waishe, na siku nyingine hawakwisha. Utaratibu ulianzishwa kwa nia njema, ili wanaume nao wapime, lakini nia njema ikipita kwenye mikono ya watu waliochoka huota miiba. Nesi wa mapokezi hakujua kunong'ona. Aliuliza mbele ya benchi zima, "Na wewe mwenzio yuko wapi? Hana miguu?" Msusi alikuwa amerudishwa mara mbili. Mara ya pili aliambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mume. Barua hiyo angeipataje, wakati mume anaye, na mwenyekiti mwenyewe hupeleka baiskeli yake kwa mume huyo huyo kujazwa upepo?

Ndipo mteja mmoja, akiwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti ya Msusi anasukwa, akamwambia habari za Bwana Harusi. Huyo alikuwa mchukuzi wa mizigo, kituo chake hapo langoni, na juu ya mkokoteni wake lilining'inia shati moja jeupe lililopigwa pasi. Mwanamke asiye na wa kumsindikiza alimwomba, naye akavaa shati, akaingia, akaitikia "ndiyo" palipotakiwa ndiyo, akatoa kidole kikatobolewa, kisha akarudi kwenye mizigo yake. Mwezi uliopita peke yake alikuwa amepimwa mara kumi na moja.

"Dada, damu yangu humo ndani wanaijua kuliko mama yangu anavyonijua," alimwambia Msusi huku akifunga vifungo. "Nitajie tu jina la baba mkwe, nisije nikaumbuka."

Walikubaliana kwamba Msusi atamsuka mke wa Bwana Harusi, mtindo wowote atakaoutaka. Mchukuzi akacheka, akasema mkewe akiuliza zawadi hiyo imetoka wapi atamjibu kuwa ameoa.

Msusi hakucheka. Alikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu mwezi wa nne wa mimba. Siku ile, kabla utaratibu wa waume haujaanza, walipimwa ukumbini, wamepangwa mstari kama wanaosubiri maji. Nesi alimtoboa kidole, akaenda, akarudi, akamwambia, "Uko sawa, pita." Basi. Hakuna aliyemweleza usawa huo ni wa nini, wala ni wa nani. Alipofika nyumbani akalirudia neno hilo kwa mumewe, na Fundi akalipokea kama mtu aliyeletewa koti jipya. Akalivaa. "Wewe uko sawa? Basi na mimi niko sawa." Akakikunja kile kikaratasi cha majibu, akakitia mfukoni, na kibandani akakionyesha kwa wenzake kila mazungumzo yalipofika huko.

Lakini Msusi ndiye aliyempaka dawa mwaka uliopita, malengelenge yalipomzunguka mbavu upande mmoja, ule ugonjwa ambao watu huuita mkanda wa jeshi. Alisikia wateja wakisema kwamba ukimpata kijana ni vizuri akapime damu. Alimwambia Fundi mara moja tu. Fundi akamjibu kwamba saluni ni mahali pa kusuka nywele, si pa kusukia maradhi ya watu. Na sasa kadi ilisema mwezi wa saba kuna kupima tena. Kila mtoto alipocheza tumboni, Msusi aliomba ombi lile lile: Mungu wangu, huyu asiingie kwenye deni asilolijua.

*

Safari hii hawakupimwa ukumbini. Kilikuwepo chumba kidogo mwisho wa jengo, chenye mlango unaofungwa, meza, viti vitatu, na mwanamke wa makamo aliyehamia hapo wiki mbili zilizopita. Watu walimwita Mshauri. Alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka, kitu ambacho Msusi hakuwahi kukutana nacho katika kliniki yoyote.

Mshauri aliwakaribisha wakae. Akafungua kadi, akaisoma yote, kisha akamtazama mwanamume wa shati jeupe, akamwuliza kwa upole mkewe hupendelea kulala upande gani siku hizi, tumbo lilivyokuwa kubwa.

Bwana Harusi akajibu kwamba hulala chali.

"Chali," akarudia Mshauri. "Ijumaa yule mwingine alilala kifudifudi na mimba ya miezi minane. Kaka, hii ni mara ya nne unaingia humu tangu nifike, na kila mara una baba mkwe mpya. Sikufukuzi kwa ubaya. Kapumzishe hicho kidole."

Bwana Harusi akainuka, akamwambia Msusi, "Samahani, dada, ndoa yetu imeshindikana," akatoka.

Msusi alingoja kutukanwa. Alishazoea, alikuwa amekaza mabega tayari. Badala yake Mshauri alifunga mlango, akasogeza kiti chake kikawa upande wa huku wa meza, akamwuliza nani alimwambia kwamba bila mume hapimwi. Msusi akamweleza yote: benchi la nyuma, miguu ya mwenzio, barua ya mwenyekiti. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, akaandika, kisha akasema maneno ambayo Msusi aliyabeba siku nzima.

"Kosa hilo ni letu, si lako. Kupima ni haki yako, uje na mume, uje na shangazi, uje peke yako. Hakuna mjamzito wa kurudishwa."

Akamweleza kipimo kabla ya kukifanya: kinatafuta nini, kinachukua dakika ngapi, na jibu likiwa hivi kinafuata nini, likiwa vile kinafuata nini. Akamwuliza kama yuko tayari. Msusi hakuwahi kuulizwa hivyo. Alinyoosha kidole mwenyewe. Wakakaa zile dakika wakizungumza habari za nywele, kwa sababu Mshauri alitaka kujua kwa nini zake hukatika mbele.

Msusi hakuwa na maambukizi. Machozi yalimtoka kabla hajajua kwamba analia. Mshauri alimwacha amalize, akampa kitambaa, kisha akamwambia sehemu ambayo ukumbini hawakumwambia. Jibu hili ni la Msusi peke yake. Halisemi lolote juu ya damu ya mumewe. Watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja miaka mingi, mmoja akawa nayo na mwingine hana. Na mwanamke akiambukizwa sasa, akiwa mjamzito, au baadaye akinyonyesha, ndipo virusi huwa vingi mno mwilini na ndipo mtoto huwa hatarini zaidi. Akampa mipira ya kujikinga na barua fupi ya kumwalika Fundi.

"Mtoto huyu hapati kwa baba," alisema. "Anapata kwa mama. Kwa hiyo kumlinda yeye ni kukulinda wewe, na kukulinda wewe ni kujua habari za mumeo. Tuna wiki chache. Zinatosha, tukianza."

*

Jioni, nyumba yao ya vyumba viwili ilinuka mafuta ya taa na sabuni. Mama mkwe, mama yake Fundi, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, midomo ikitembea, maana hakuna kazi aliyoifanya bila kuiombea. Msusi aliweka barua juu ya meza na kusimulia yote, isipokuwa habari za shati jeupe.

Fundi alianza kwa mzaha. Akasema wanawake wa kliniki wanakusanya damu za wanaume, huenda wanaziuza. Alipoona hakuna aliyecheka, akaukunja uso. Akasema amekwisha kupima, tena mara mbili, maana majibu ya mke ndiyo majibu ya mume, na Maandiko hayakukosea yaliposema hao wawili ni mwili mmoja.

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mwili mmoja," alisema. "Mwaka jana ulipootwa na ule mkanda mbavuni, alijikuna nani?"

"Mama, hayo ni mengine."

"Nauliza tu. Kama ni mwili mmoja, mbona ulijikuna peke yako? Usilichukue Neno la Mungu ukalifanya pazia la kujificha. Mimi silijui sana, nimejifunza kusoma uzeeni, lakini hapo nimepaelewa."

Fundi alisukuma kiti, akasema ana baiskeli ya mtu ya kumalizia, akatoka. Barua ilibaki mezani. Mama mkwe akaichukua, akaisoma polepole kwa kidole, neno baada ya neno, kisha akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, mahali pa maombi yasiyojibiwa bado.

*

Jumatano saa nne asubuhi Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama moshi, Fundi alipotokea mlangoni pa saluni. Hakuwahi kufika pale saa za kazi. Mkononi alishika tyubu ya tairi, bado inadondosha maji.

"Nasikia tuko waume wawili," alisema.

Ilikuwa hivi: Bwana Harusi alipata pancha. Akausukuma mkokoteni mpaka kibanda cha kwanza alichokiona, na wakati gurudumu linafunguliwa, akawafurahisha waliokuwepo kwa kisa cha jana yake, jinsi alivyonaswa na mshauri mpya kwa sababu ya kulala chali, naye akiwa ameoa msusi mmoja mnene wa tumbo, mpole, mumewe mwoga wa sindano. Wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha mwingine, aliyekuwa akimfahamu Msusi, akanyamaza ghafla, na kimya hicho kikazunguka kibanda kizima mpaka kikamfikia Fundi na tyubu yake mkononi.

Ndani ya saluni vitana vilisimama. Msusi aliona aibu ikimpanda shingoni, lakini nyuma ya aibu alikuta kitu kingine, kigumu, ambacho hakujua kama anacho.

"Ni kweli," alisema, vidole vikiwa bado kwenye nywele za mteja. "Niliazima mume, kwa sababu wangu hakuja. Mtoto ni wako, si wake. Ukitaka mchukuzi asiingie tena pale na mimi, nafasi yako ipo wazi. Kesho saa mbili."

Yule mteja, ambaye umri wake ulimruhusu, akamwambia Fundi bila kuinua kichwa kwamba anamchelewesha. Fundi akaondoka. Matone ya tyubu yalibaki sakafuni, na Msusi akasuka mkia uliofuata ovyo, akaufumua, akausuka upya.

*

Alhamisi walikwenda watatu: Fundi mbele kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana, Msusi nyuma yake, na mama mkwe nyuma kabisa, hakualikwa na hakuuliza. Usiku Fundi alikuwa amesema neno moja tu, kwamba anataka kumwona huyo mshauri anayewaozesha wake za watu.

Mapokezini karatasi mpya ilibandikwa ukutani, imeandikwa kwa kalamu nene, na chini yake muhuri wa mkuu wa kituo: kila mjamzito atahudumiwa kwa zamu aliyofika, awe na mwenzake au asiwe naye. Nesi wa mapokezi aliisoma kwa sauti kila baada ya muda, kwa uso wa mtu anayekunywa dawa chungu, lakini aliisoma. Msichana mmoja wa miaka kama kumi na minane, aliyekuwa peke yake, alikaa benchi la mbele. Msusi alimtazama sana huyo msichana.

Mshauri aliwapokea wawili, mama mkwe akabaki nje. Fundi alianza na hotuba yake. Aliianza vizuri, kwa sauti ya juu, lakini hakuna aliyembishia, na ugomvi wa mtu mmoja huchosha haraka. Alipofika mwisho, Mshauri alimwuliza anafanya kazi gani. Baiskeli. Akamwuliza pancha inatafutwaje. Fundi akamweleza, hakuweza kujizuia, maana aliipenda kazi yake: unajaza tyubu upepo, unaizamisha kwenye beseni, unaona povu linatoka wapi.

"Na tyubu ya mbele ukiizamisha usione povu, unamwambia mteja na ya nyuma ni nzima?"

"Siwezi. Si mpaka niizamishe na yenyewe—" Akakoma.

Fundi alitazama mikono yake, grisi iliyokaa kwenye mistari ya viganja isiyotoka kwa sabuni yoyote. Kisha akatoa kikaratasi kutoka mfukoni, kile cha mwezi wa nne, kimechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, akakiweka juu ya meza mbele ya mkewe, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Nipime," alisema.

Kipimo cha kwanza kilionyesha mistari miwili. Mshauri akafanya cha pili, cha aina nyingine, na cha tatu. Kabla ya kusema lolote alimwuliza Fundi kama anataka kusikia peke yake. Fundi akasema mkewe akae. Sauti yake ilikuwa imekwisha kujua.

Mshauri hakuzunguka. Alimwambia kwamba vipimo vyote vitatu vinaonyesha ana maambukizi ya virusi vya Ukimwi, kisha akampa nafasi.

Kulikuwa na swali lililompanda Msusi mpaka kwenye meno: tangu lini, na kwa nani. Alilitazama swali hilo. Akajua kwamba atalisema, kwamba zitakuja siku watalizungumza na hazitakuwa siku nzuri. Lakini Fundi alikuwa amejikunja kwenye kiti kama aliyepigwa tumboni, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa la kujitetea.

"Mtoto?"

"Mtoto yuko salama leo, kwa sababu mama yake yuko salama leo," alisema Mshauri. "Kazi yetu ni kumweka hivyo."

Akawaeleza, taratibu, akirudia palipohitaji kurudiwa. Dawa Fundi anaanza siku hiyo hiyo. Akizimeza kila siku bila kuruka, virusi vitashuka mpaka kipimo kisivione, na vikifika hapo na kubaki hapo, hataweza kumwambukiza mkewe. Lakini kufika huko ni miezi, si siku. Kwa hiyo mpaka hapo ni mipira kila mara, na Msusi naye atapewa dawa za kinga ambazo mjamzito huruhusiwa. Atapimwa tena baada ya wiki nne, na tena karibu na kujifungua, na tena akinyonyesha. Fundi aliuliza kama ataishi kumwona mtoto akienda shule. Mshauri akamjibu kwamba akimeza dawa atamwona huyo mtoto akimletea wajukuu, na kwamba anao wagonjwa walio kwenye dawa miaka ishirini sasa wanaomsumbua kwa simu mpaka leo.

Fundi alifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema mama yake aitwe. Mshauri akamkumbusha kwamba si lazima, siri ni yake. Fundi akatikisa kichwa.

"Nyumba ni ya vyumba viwili, na yeye anaona mpaka ndoto zetu. Dawa hizi nitazificha wapi?"

Mama mkwe aliingia, akakaa kwenye kiti cha tatu. Fundi alimwambia mwenyewe, kwa sentensi moja, akitazama ukuta. Mama akafumba macho. Wote walidhani atalia, au ataomba kwa sauti. Midomo yake ilitulia kwa mara ya kwanza katika siku ile, kisha akafumbua macho akamwuliza Mshauri dawa zinamezwa saa ngapi.

Mshauri akamwambia ni mara moja kwa siku, saa watakayoichagua wenyewe.

"Basi," alisema mama mkwe. "Huko nje nilidhani mtaniita nijiandae kuzika. Kumbe mmeniita niwe saa ya ukutani. Kazi hiyo naiweza, mwanangu. Sina kazi nyingine." Akanyoosha mkono akamshika Msusi, si mwanawe, akaushikilia mkono huo juu ya lile tumbo, na humo ndani mtoto akapiga teke moja lililowashtua wote wawili.

Mshauri alileta kopo la dawa, akaonyesha, akahesabu siku, akaandika tarehe ya kurudi. Msusi alikuwa bado hajamtazama mumewe usoni. Fundi aliliona hilo. Alisimama, ingawa chumba kilikuwa kidogo na hakuna aliyemwomba asimame, akafungua kopo, akameza kidonge cha kwanza kwa maji ya Mshauri, akalifunga kopo.

"Mama, nisikie. Na wewe mama mshauri, nisikie, uandike kama inaandikwa," alisema. "Mke wangu, sikuombi unisamehe leo. Nasema tu nitakalofanya. Kila siku saa moja asubuhi nitameza hizi mbele ya macho ya mmoja wenu. Sitakugusa bila kinga mpaka humu ndani waseme inafaa. Ukiniuliza swali lako, siku yoyote, nitakujibu kweli. Na siku utakayopimwa tena, na siku ya kujifungua, na siku mtoto atakapoletwa hapa, nitakuwa nimekaa kando yako. Nimeahidi, na mashahidi ni hawa."